Pini Laini Kwenye Gari ya Tumpe

Vijana wangu, naandika haya nimesimama. Karatasi nimeiweka juu ya kabati la vyombo. Naandika kidogo, natoka nje kusikiliza gari inayopita, narudi. Mke wangu amesema nikae au nitoke kabisa, nichague. Sijui kukaa. Tangu niache kazi, barabara ya hapa Ilomba inanisumbua kuliko ilivyonisumbua nikiwa chini ya magari. Hii inayopita sasa krosi ya propela imekwisha. Ile iliyotangulia beringi ya gurudumu inalia, na mwenyewe amefungulia muziki ili asiisikie. Jumapili mchungaji anahubiri, mimi niko na pikapu inayopanda huko nje, nasubiri kusikia kama dereva atabadili gia au ataiua. Huo ndio ustaafu wangu, na msinipe pole.

Mmeniuliza sana jinsi ya kufunga transfa kwenye giaboksi ambayo haikuzaliwa nayo. Juzi mmoja wenu alinionyesha kwenye simu Mzungu akiifanya kazi hiyo kwenye karakana safi kama chumba cha upasuaji, adapta ya kuunganishia imetoka dukani ndani ya boksi, bolti zote ziko kwenye mfuko wake. Niliangalia mpaka mwisho. Anajua kazi, sikatai. Lakini yeye hakuwa na shemeji wa mtu amesimama getini anauliza kama gari iuzwe au bado.

Kwa wale mlioingia gereji juzi: giaboksi inapokea nguvu kutoka kwenye injini. Gari ya kawaida inaitoa nguvu hiyo nyuma kwa propela moja, lile bomba refu linalozunguka chini ya gari, basi. Gari ya foro, inayosukumwa na magurudumu yote manne, ina sanduku la pili la gia lililong'ang'ania mgongoni mwa giaboksi, na hilo ndilo transfa. Linagawa nguvu mbele na nyuma, na ndani yake kuna gia nzito, ile ya kupandia mlima. Sasa giaboksi ikifa ukaweka ya gari nyingine, transfa inabaki yatima. Matundu ya bolti hayalingani, meno ya shafti hayalingani, urefu haulingani. Hapo ndipo mnapotuona mafundi tunakuna vichwa.

Gari ninayotaka kuwaeleza ilikuwa ya Tumpe. Mume wake alikuwa dereva, wengi wenu hamkumkuta. Alipofariki alimwachia Tumpe watoto na gari moja ndefu ya dizeli, ile mnayoita mkonga kwa sababu ya bomba la hewa linalopanda pembeni ya kioo. Nyumbani kwao ni juu milimani, Uporoto, mahali ambapo mvua ikinyesha pikapu za kawaida zinaishia barabara kubwa. Tumpe akashika usukani mwenyewe. Alishusha viazi na maziwa, akapandisha saruji, wagonjwa waliotoka hospitali, na siku moja bibi harusi na shela lake, akamfikisha bila tone la tope. Watoto walikula na kusoma kwa gari hiyo. Halafu giaboksi ikavunjika.

Alikuja gereji asubuhi, akasimama pembeni ya shimo mpaka nikatoka.

“Shikamoo baba.”

“Marahaba mwanangu. Mbona umesimama hivyo?”

“Ukoo umekaa kikao. Gari ikipanda mpaka nyumbani na mzigo kabla ya msimu wa kupanda viazi, inabaki mkononi mwangu. Isipopanda, shemeji Ambokile anaiuza. Kuna mtu wa mbao Mafinga anataka chesisi akatengenezee tela.”

“Na wewe utafanya nini?”

“Nitalima kwa shemeji. Mimi na watoto. Baba, mimi si mvivu wa jembe. Lakini nikianza kulima pale, sitoki tena.”

Hakulia. Angelia ningempa kiti na chai, ningejua la kufanya. Kwa vile hakulia, nilibaki nazunguka shimo, na sikutulia mpaka mwisho wa habari hii.

Giaboksi kama yake tuliitafuta Mbeya nzima tukaikosa. Tuliyoipata ilikuwa Chimala, kwenye kilori kilichobeba mpunga mpaka kikachoka, kimelala nyuma ya mashine ya kukoboa. Giaboksi imara, meno mazuri, oili yake haina chenga za chuma. Tatizo lake ni kwamba ilitoka kwenye gari isiyo na foro, nyuma inatoa propela moja tu. Niliinusa, nikaizungusha kwa mkono, nikasema tuichukue. Njiani kurudi nilishaanza kujuta. Kila tulipopita tuta niligeuka kuiangalia kule nyuma, kana kwamba itaruka itoroke.

Sasa nimetoka nje kidogo, kulikuwa na lori linashuka kwa gia ya juu, mjinga yule. Tuendelee.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Fundi Lugano, Mnyakyusa mfupi mwenye mikono mipana, Mungu amlaze mahali pema. Alinipokea nikitoka Iringa, Mhehe mwenye hasira za karibu, nikirusha spana kila bolti inapokataa. Alikuwa na mambo ambayo hakutaka mjadala. Moja ni chokaa. Unaikoroga nzito, unapaka kwenye meno ya shafti, unaingiza shafti kwenye soketi yake, unatoa, unaangalia. Pale chokaa ilipokwanguka ndipo meno yanaposhikana. Ikiwa imekwanguka kwenye ncha tu, gari itatembea vizuri uani, mtapiga makofi, halafu siku ya mlima meno yatalika kama mahindi mabichi. Wengi wenu mnapima kwa macho. Macho yakishasikia njaa yanakubali chochote.

Jingine ni kwamba transfa haivutwi kwa bolti. Ikikataa kuingia, itoe, uone kinachozuia. Tulikuwa na mwenzetu mmoja mwenye nguvu nyingi, alikaza bolti ili zimvutie transfa ndani, na sikio la kasha, pale bolti inapopita, likapasuka, mlio wake niliusikia nikiwa dukani kwa muuza chai. Lugano hakumtukana. Alimpa lile sikio lililovunjika, akamwambia alitembeze mfukoni mpaka lichoke. Alilitembeza mwaka mzima, suruali zikatoboka.

Na lililo kubwa kuliko yote: aliyefunga giaboksi ndiye anayepanda nyuma siku ya kwanza gari inapopanda mlima na mzigo. Utingo hapandi siku hiyo. Fundi anakaa juu ya magunia, gogo la kuzuia gurudumu liko mkononi. Lugano alisema fundi akijua atakaa pale, mkono unakaza wenyewe. Gereji zetu zote zilikuwa na desturi hiyo. Siku hizi naona mnamkabidhi mteja ufunguo mnamwambia safari njema. Ebo! Safari njema, wewe umebaki unakunywa soda?

Kazi ya kukereza niliipeleka Mafinga, kwa Kihwele. Huyo ni Mhehe mwenzangu, tumekua pamoja, ana mashine ya kukerezea vyuma, na maisha yake yote amewatengenezea watu wa viwanda vya mbao shafti za misumeno na puli. Mtauliza kwa nini Mafinga wakati Mbeya imejaa mafundi. Kwa sababu mkono wa Kihwele nikiuona kwenye chuma naujua, na kwa gari ya Tumpe sikutaka kubahatisha. Nilimpelekea kitako cha shafti ya giaboksi iliyokufa, maana meno yake ndiyo yanayoingia kwenye transfa. Nikampelekea na flenji ya kile kilori, sahani inayofungiwa propela, maana meno yake ndiyo yanayoshika giaboksi mpya. Nikamwambia aviunganishe viwe soketi moja, halafu atengeneze kikombe kinene cha chuma cha kuunganisha masanduku yote mawili, soketi izunguke humo ndani kwenye grisi.

Kazi ilifika kwa basi, imefungwa kwenye gunia. Nzuri, jamani! Uso wake laini mpaka unataka kuupapasa. Nikampigia.

“Kamwene, Kihwele. Umeifunga vizuri?”

“Kamwene. Nimeifunga kama ninavyofunga za mashineni.”

“Na hili dirisha ubavuni mwa kikombe la nini?”

“Utalitaka.”

Nikadhani ni la kutilia grisi. Na hayo maneno ya mashineni kwangu yalikuwa sifa, maana misumeno ile inakata misonobari kutwa nzima bila kulalamika. Wanangu, mtu akikwambia amefanya kama wanavyofanya kwao, muulize kwao wanafanyaje.

Tukafunga. Giaboksi mpya pamoja na kikombe vilisukuma transfa nyuma kama upana wa kiganja. Maana yake propela ya nyuma inakatwa, ya mbele inaongezwa, na hapo mchungeni welda. Masikio ya krosi, ule msalaba wa chuma kwenye kiungo cha propela, ya huku na ya kule lazima yalale mstari mmoja. Kuna welda mmoja, jina nalihifadhi, aliunganisha propela ya gari ya kanisa masikio yakiwa yamepishana. Gari ilitetemeka kutoka Mbeya mpaka Chimala, na kwaya iliyokuwa ndani ilishuka ikiimba kwa mitetemo ambayo hakuna aliyewafundisha. Watu wakasifia sana. Mwalimu wa kwaya akaja kutuomba gari isitengenezwe.

Mkono wa gia nao ulitokea mahali pengine, tukakata sakafu. Breki ya mkono ya gari ile inakaa nyuma ya transfa, waya wake ukawa mrefu kupita kiasi, tukaufupisha na kuujaribu mpaka ukashika. Chokaa ilikwanguka vizuri huku na huku. Mwisho nikainua gari juu ya stendi, magurudumu yote hewani, nikawasha, nikaingiza gia moja moja, nzito na nyepesi, bisibisi nimeiweka sikioni na ncha yake kwenye kasha. Hamna kitu. Laini kabisa. Nikazima, nikawasha tena. Nikabadili sikio. Vijana wa gereji wakaanza kunicheka.

“Mzee Luvanda, gari imepona. Mgonjwa ni wewe.”

Walikuwa wanasema kweli. Mchana nilishindwa kula. Kila nilipofumba macho nilimwona yule mama na jembe kwenye shamba la watu.

Siku ya kupanda, Ambokile alifika na mzigo aliouchagua mwenyewe. Kikao kilisema mzigo, hakikusema wa nani, kwa hiyo akaleta magunia ya mbolea yake, ya kwenda shambani kwake, gari ikajaa mpaka springi zikalala. Mjanja yule! Anaipima gari ya marehemu kaka yake na usafiri anaupata bure. Lakini nisimseme vibaya tu. Tulipokuwa tunapakia alinisogelea, akashusha sauti.

“Mzee, usione namwonea shemeji. Ule mlima umewashinda madereva wazoefu. Siku gari ikimrudisha nyuma, wale watoto nitawaambia nini?”

Alikuwa anaogopa kweli, macho yake nayajua. Nilimwelewa, ingawa sikumpenda.

Akakaa mbele na Tumpe. Mimi nikapanda juu ya magunia na gogo langu. Tukaipita Uyole, tukashika barabara ya Tukuyu, halafu tukaacha lami, tukaanza mlima wenyewe. Nasikiliza. Injini, sawa. Giaboksi, sawa. Transfa inavuma kama ilivyovuma siku zote. Bado nilikuwa nakaa upande huu, nahamia ule, nasimama, nakaa. Wingu jeusi lilikuwa linasogea kutoka upande wa Rungwe, na hatukuwa na turubai.

Kwenye kona iliyokaza kuliko zote, Tumpe akapunguza mwendo apishe ng'ombe. Nilimwona kupitia kioo cha nyuma, uso umetulia, anajua anachofanya. Ambokile ndiye hakutulia.

“Inazima! Inazima! Weka nzito!”

Kabla hajajibiwa, akanyoosha mkono akauvuta mkono mdogo wa transfa, ulio kando ya ule wa gia, gari inatembea na mguu wa Tumpe uko kwenye mafuta. Gia zikalia, zikaingia kwa kishindo, halafu chini yangu nikasikia tak! Injini ikapiga kelele peke yake. Gari haikwenda popote. Halafu ikaenda, lakini nyuma.

Weee! Niliruka na umri wangu huu, gogo nikalitupia nyuma ya gurudumu, goti likapiga kwenye jiwe. Tumpe alikuwa ameshakanyaga breki na kuvuta ile ya mkono. Gari ikaegemea gogo, ikasimama, pua inaangalia mawinguni. Upande wa bonde sikuangalia.

Ambokile akashuka ameshika kichwa. “Si nilisema? Si nilisema mimi? Imekwisha. Kesho nampigia yule mtu wa mbao.”

Tumpe aliniangalia mimi. “Baba, ni nini?”

“Sijui, mwanangu.”

Hilo neno silipendi, na pale nililichukia.

Mtandao kule unashika ukipanda kwenye ukingo wa barabara. Tumpe akapanda na simu yangu akampigia Kihwele, mimi nikaingia uvunguni. Maneno yote yakawa yanapita kwake, anapaza sauti.

“Anauliza umesikia tak au krrr?”

“Tak!”

“Anasema basi hamna shida, ni pini.”

“Pini gani?”

“Pini ya soketi. Anasema ameweka chuma laini makusudi, ili ikatike.”

Nilijigonga kichwa kwenye chesisi. “Makusudi? Mwambie ana wazimu!”

“Anasema na wewe pia.”

Ndipo nikaelewa kwao wanafanyaje. Kwenye viwanda vya mbao, msumeno ukikutana na fundo gumu au msumari uliosahaulika ndani ya gogo, kitu lazima kivunjike. Wenyewe wanaunganisha shafti kwa pini laini, ivunjike hiyo, msumeno upone. Mtu anafungua kidirisha, anapachika nyingine, kazi inaendelea. Kihwele ameweka pini hizo tangu ujana wake, na vipande viwili vya soketi yetu akaviunganisha vilevile. Hakuwaza hata kidogo kwamba pini ikikatika kiwandani mashine inanyamaza, na ikikatika Uporoto gari inarudi bondeni na mama wa watoto yuko ndani.

“Anasema fungua dirisha! Za akiba amezifunga kwa waya kwenye bolti ya juu, ndani ya kitambaa!”

Kile kitambaa nilikiona wakati wa kufunga, nikadhani ni alama ya upande wa juu. Nikafungua dirisha. Pini imekatika katikati, safi kama imekatwa kwa msumeno. Nikapitisha kidole kwenye meno yote ninayoweza kuyafikia. Yote mazima. Transfa nzima. Hasira zikanitoka kidogo, wasiwasi ukabaki palepale. Ule mshtuko wa Ambokile ungekwenda wapi kama pini isingekatika? Ungekwenda kwenye gia za transfa, na transfa ya namna ile tulikuwa hatuna pa kuipata.

Lakini mfukoni nilikuwa na bolti ngumu, saizi ileile. Nikapaza sauti. “Mwambie naweka bolti ngumu, haikatiki hii!”

“Anasema ukiweka hiyo umeua transfa!”

“Mwambie ikikatika laini tena umeua mtu!”

“Anasema...” Tumpe akashusha simu. “Nyie wazee, hebu subirini.”

Akateremka ukingoni, akachuchumaa kwenye tope karibu na gurudumu, uso wake usawa wa wangu.

“Baba, hiyo laini inakatwa na nini?”

“Kushtuliwa.”

“Mzigo peke yake haukati?”

“Kihwele anasema haukati. Na unene wake nauona, nakubali.”

“Na ngumu ikishtuliwa?”

“Transfa inakwenda. Hiyo hatuipati tena.”

Akaangalia mlima uliobaki. Akamwangalia Ambokile, ambaye alikuwa anatembea huku na huku anahesabu mawingu.

“Weka laini. Nitaondoka taratibu. Na kule mbele sitaki mkono wa mtu mwingine.”

Niliweka laini. Namna ya kufanya ni hii: giaboksi na transfa zote ziwe huru, magurudumu yamezuiwa. Unasukuma vipande vya pini ya zamani vitoke kwa msumari mnene, unazungusha soketi kwa bisibisi kupitia dirishani mpaka matundu yatazamane, unagonga pini mpya kwa nyundo ndogo, unarudisha grisi.

Kuondoka mlimani na mzigo bila kushtua gari, hapo ndipo dereva anapojulikana. Tumpe aliingiza gia nzito gari ikiwa imesimama, akaweka namba moja, akaanza kuachia klachi polepole mpaka bodi ikanyanyuka kidogo yenyewe. Hapo ndipo akaachia breki ya mkono. Mimi natembea kando ya gurudumu la nyuma na gogo langu, roho mkononi, nasikiliza chini kuliko nilivyowahi kusikiliza kitu. Kila jiwe lililopasuka chini ya tairi nilidhani ni pini. Gari ikasogea. Ikaendelea kusogea. Ilipomaliza kona, mimi na Ambokile tukadandia nyuma, wazee wawili tunavutana mashati, maana mwenye gari alikuwa amesema hasimami.

Juu ya magunia, Ambokile akapata tena sauti. “Lakini ilisimama njiani. Kikao nitakiambia.”

“Kiambie na aliyevuta mkono wa transfa.”

Akageuza uso upande wa bonde.

Tulifika. Mama mkwe wa Tumpe alikuwa mlangoni, ameshika mwimo, ametusikia tangu mbali. Tumpe akasimamisha gari mbele ya nyumba na akazima.

“Usizime!” Ambokile akapiga kelele kutoka juu. “Usizime, shemeji! Nyoosha mpaka shambani, huoni mvua?”

Shamba lake lilikuwa mbele zaidi, baada ya mteremko wa udongo mwekundu ambao ukilowa hakuna kitu kinachopita isipokuwa gari ya foro. Matone ya kwanza yalikuwa yameanza kugonga bati la jikoni. Baadhi ya magunia yalichanika kwenye ule mtikisiko wa kona, mbolea nyeupe inaonekana.

Tumpe alishuka na ufunguo mkononi, akasimama akitutazama juu.

“Shemeji, kikao kilisema mpaka nyumbani. Tumefika.”

“Ndiyo, lakini mbolea...”

“Mbolea iko juu ya gari ya nani?”

Ambokile akaangalia wingu. Akaniangalia mimi, nikajishughulisha na goti langu. Akamwangalia mama yake, na mama naye akakunja mikono, anasubiri kusikia.

“Shemeji, mvua.”

“Naiona.”

Tone likaanguka kwenye gunia lililochanika. Jingine likafuata.

“Yako,” akasema.

“Mama hajasikia.”

Ambokile akasimama wima juu ya mbolea yake, akavua kofia. “Gari ni yako! Mama, umesikia? Gari ni ya Tumpe! Majirani, mmesikia wote? Ni yake! Haya washa, shemeji, mbolea inayeyuka!”

Tumpe akapanda, akafunga mlango, akawasha gari yake.